Boriti Iliyopima Nyumba za Lamu

Chukua futi ya fundi, ingia nayo nyumba yoyote ya kale ya mawe mjini Lamu, upime upana wa misana, vile vyumba vyake virefu vyembamba. Msana wa tajiri na msana wa jirani yake aliyejenga kwa kujibana vitatoa karibu jibu moja: mita mbili na nusu, pengine mita mbili na robo tatu, ni nadra kufika tatu. Urefu wa chumba hubadilika kulingana na kiwanja na mfuko wa mwenyewe. Upana haubadiliki. Kipimo hicho kilitoka mikokoni.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya misitu yote ya mikoko ya Kenya. Mti huo humea kwenye tope la maji ya chumvi, hukua polepole, na mbao yake ni nzito, tena imejaa tanini, dawa ileile ya kulainishia ngozi, ambayo mchwa haipendi. Wakataji huziainisha nguzo zake kwa unene. Kuna fito za kusukia kuta za udongo, kisha pau, mazio, boriti, hadi nguzo zenyewe. Boriti, yenye kipenyo cha sentimita kumi na kitu, ndiyo iliyobeba dari za mji mzima.

Na dari ya Lamu si mzigo wa mchezo. Boriti hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, zikikaribiana, juu yake hupangwa vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto na kushindiliwa mpaka ikakamata. Dari kama hiyo yenye unene wa sentimita 30 huweza kufikia nusu tani kwa kila mita ya mraba. Sasa hapo ndipo hesabu inapoingia. Boriti iliyobeba mzigo uliotandazwa sawasawa hunepa kwa kiasi kinachopanda haraka mno kuliko urefu wake: ukirefusha nafasi kati ya kuta mara mbili, bila kubadili unene wa mti, mnepo wa katikati huongezeka mara 16. Fundi wa karne ya 18 hakuandika kanuni hiyo popote, lakini aliijua kwa macho, maana dari iliyonepa hupasuka chokaa, chokaa iliyopasuka huingiza mvua, na mvua huozesha boriti. Basi akabaki kwenye mita zake mbili na nusu.

Kwa kuwa hakuweza kupanua chumba, aliongeza kingine nyuma yake. Hapo ndipo sura nzima ya nyumba ilipozaliwa. Mgeni hupokewa dakani, kwenye mabaraza ya mawe yaliyo ubavuni mwa mlango. Akikaribishwa, huingia kwa kona, si moja kwa moja, ili macho ya mpita njia yasifike ndani, na hutokea kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana sambamba: msana wa tini, msana wa yuu uliopanda kidogo, kisha ndani, penye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka, zilizochongwa kwenye lipu ya chokaa kabla haijakauka kabisa. Kila ukuta unaobeba boriti ni hatua moja zaidi kuelekea kwenye faragha. Mwanga nao hupungua hatua kwa hatua, kwa sababu kuta za nje takriban hazina madirisha na mwanga wote huingilia kiwandani. Mtu anaweza kusema giza la ndani ni kasoro ya usanifu. Aliyewahi kutoka juani saa nane mchana mwezi wa Februari hatasema hivyo.

Kuta zenyewe, zenye unene wa karibu nusu mita, ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu na kuunganishwa kwa chokaa. Kwa sehemu za kuchongwa, kama fremu za milango, mafundi walitumia tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi: likitoka majini huwa laini kiasi cha kukatwa kwa shoka, likikauka huwa gumu. Chokaa ilitoka kwenye matumbawe hayohayo, yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo na kuzimwa kwa maji. Ukuta mnene kiasi hicho huchelewesha joto kwa saa nyingi, hivyo jua lililoupiga mchana hufika upande wa ndani usiku umeshaingia. Wakati huo wenyeji wameshapanda juu darini kutafuta upepo wa bahari, na wengi walisimamisha huko paa la makuti lililo wazi pembeni, ambalo mchana huizuia dari isipigwe na jua.

Nyumba nyingi za kale zilielekezwa kaskazini. Kutoka Lamu, kibla iko karibu kaskazini kabisa, hivyo mwelekeo wa swala na mpango wa nyumba vilikubaliana bila taabu.

Chooni kuna jambo dogo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Maji ya kuoga na kutawadha huwekwa kwenye birika, tangi lililojengwa kwa mawe na kupakwa lipu laini. Maji yaliyotuama katika mji wenye joto ni mazalio ya mbu, na kwa hiyo ndani ya birika huwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vyao. Chini kabisa mara nyingi hupachikwa bakuli la kauri, ili birika likikaribia kukauka samaki wapate pa kujihifadhi mpaka maji mapya yatiwe. Hakuna mfereji wala dawa, na kazi inafanyika.

Mahitaji ya watu yaliingia kwenye jiwe kama yalivyoingia mahitaji ya hewa. Katika koo za waungwana, baba alimpa binti nyumba, au ghorofa juu ya nyumba yake, alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Kwa vizazi kadhaa familia moja ikajaza mtaa. Wanawake wa koo hizo hawakutarajiwa kuonekana ovyo njiani, lakini walikuwa na mama, dada na mashangazi wa kutembelea. Jibu likawa wikio, chumba kinachovuka juu ya uchochoro na kuunganisha ghorofa za nyumba mbili. Kwa wapitao chini, wikio ni kivuli cha bure. Urefu wake juu ya njia nao ulitawaliwa na boriti, hivyo vichochoro vikabaki vyembamba, vyenye ubaridi, na punda wawili wenye shehena wakikutana hulazimika kujadiliana.

Lisisahauliwe hili pia: nyumba hizo zilikuwa za wachache. Wengi wa wakazi waliishi kwenye nyumba za udongo na makuti, na katika nyumba nyingi za ghorofa vyumba vya chini vilikuwa vya bidhaa na watumwa, ambao jasho lao lilibeba mawe hayo.

Kipimo cha mkoko hakikuishia Lamu. Waandishi wa Kiarabu wa karne ya 10 walitaja nyumba za bandari ya Siraf, Uajemi, zilizojengwa kwa miti iliyotoka nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Hadi karne ya 20, majahazi yaliyongoja kusi yalipakia boriti kwa maelfu kwenda Oman, Bahrain na Kuwait, ambako miti ya kujengea ni adimu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za Ghuba navyo ni virefu na vyembamba. Saruji na nondo ziliua sehemu kubwa ya soko hilo, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza mikoko nje.

Saruji ilipofika Lamu yenyewe ilikuja na mitego yake. Ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu wa ardhini pamoja na chumvi, na lipu ya chokaa, yenye vinyweleo, huuacha utoke. Ukipakwa saruji, unyevu hukwama nyuma yake, chumvi huganda, na baada ya misimu michache lipu hubanduka mabamba kwa mabamba, ikiondoka na uso wa jiwe. Hatari zaidi ni tamaa ya sebule pana. Mwenye nyumba huvunja ukuta kati ya misana miwili, huweka mhimili wa chuma mahali pake, na hewa ya chumvi huanza kuula. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, hivyo hutanua na kupasua ukuta ulioushikilia.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini ukarabati bado unategemea mti uleule. Serikali ilipositisha ukataji wa miti Februari 2018, wakata mikoko walikosa kazi na mafundi wakakosa boriti. Kwa kawaida boriti huoza kwanza nchani, pale inapoingia ukutani na kunywa unyevu, katikati ikiwa bado nzima. Fundi huigonga akisikiliza sauti, huegemeza dari kwa miti ya muda, huchomoa ile mbovu na kupenyeza mpya, moja baada ya nyingine, familia ikiendelea kuishi chumba cha pili.