Elimu ya vinasaba (3): Kuitafuta jeni ya selimundu mtandaoni

Makala iliyopita ilieleza jeni ni nini na inavyokaa ndani ya kromosomu. Leo tuifungue moja tuisome wenyewe. Nimechagua HBB, jeni yenye maagizo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini, kwa kuwa badiliko la herufi moja tu ndani yake ndilo chanzo cha selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Afrika Mashariki zinaujua kwa machungu.

Mfuatano wa jeni hii haukufungiwa kabatini. Umo katika kanzidata tatu kubwa, yaani GenBank ya Marekani, ENA ya Ulaya na DDBJ ya Japani, ambazo hubadilishana taarifa kila siku. Hulipi kitu, wala huulizwi wewe ni nani. Uhuru huo ulipiganiwa. Mwaka 1996 viongozi wa mradi wa kusoma vinasaba vya binadamu walikutana Bermuda, wakakubaliana kwamba mfuatano uliosomwa utolewe hadharani ndani ya saa 24. Kwangu mimi, sayansi ya zama zetu imefanya mambo machache mema kuliko hilo.

Fungua tovuti ya NCBI, kituo kinachoitunza GenBank, chagua kanzidata ya Gene, kisha andika HBB pamoja na Homo sapiens. Ukiliacha jina hilo la Kilatini utaletewa na jeni za sokwe na panya. Utaona kwamba jeni yetu iko katika kromosomu ya 11, ambayo namba yake ni NC_000011. Kromosomu hiyo ina herufi zaidi ya milioni 135, kwa hiyo mwenye bando dogo asiipakue nzima. Jeni yenyewe ina herufi kama 1,600, na nakala yake ya mRNA, iliyokwisha kuondolewa vipande vya katikati, ni NM_000518. Ifungue hiyo, ubonyeze FASTA ili uone mfuatano wa herufi peke yake.

Sasa tafuta ATGGTGCATCTGACTCCTGAGGAG. Hapo ndipo protini inapoanzia. Zigawe tatu tatu, kwa kuwa kila tatu huagiza kiungo kimoja cha protini: ATG, GTG, CAT, CTG, ACT, CCT, GAG, GAG. Itazame GAG ya kwanza. Kwa mwenye selimundu, A yake imekuwa T, na GTG hiyo huleta valini mahali pa asidi ya glutamiki. Himoglobini ya namna hiyo ikikosa oksijeni hushikamana, na chembe nyekundu ya damu hupinda kama mundu. Vernon Ingram aliligundua badiliko hilo mwaka 1956 kwa kuichunguza protini, kabla mtu yeyote hajaweza kuisoma DNA yake.

Wanafunzi wengi hukwama wanapozitafuta herufi hizo katika kromosomu yenyewe, wasizione. HBB imeandikwa katika uzi wa pili wa DNA, na kanzidata huonyesha uzi wa kwanza. Kwa hiyo lazima usome kinyumenyume, A ikawa T na C ikawa G. GAG yetu huko inaonekana kama CTC.

Angalia pia tarakimu iliyo baada ya nukta. NC_000011.9 na NC_000011.10 ni matoleo mawili ya kromosomu ile ile, na mahali pa HBB panatofautiana kwa herufi zipatazo 21,000. Anayetaja mahali bila toleo anampoteza msomaji wake.

Makala ijayo itahusu BLAST, programu ya mwaka 1990 inayomsaidia mtu mwenye herufi mkononi asiyejua ni za jeni gani.