Beit al-Ajaib: Simulizi za Tembo na Damu, na Ukweli wa Mawe na Chokaa

Katika ufukwe wa Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni vigumu kupata jengo lililozungukwa na simulizi nyingi kama Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Husimuliwa kwamba milango yake ilipanuliwa ili Sultani apite akiwa juu ya tembo, na kwamba nguzo zake zilisimikwa juu ya miili ya watumwa ili damu yao ililinde jumba lisianguke. Je, simulizi hizo zina ukweli kiasi gani?

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, likiwa kasri la sherehe na mapokezi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba hutegemea urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Beit al-Ajaib lilichanganya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti pamoja na nguzo na mihimili ya chuma kutoka ng'ambo. Ndiyo maana dari zake ziliinuka juu mno na roshani zake zikawa pana kupita kawaida. Baadaye liliwekwa taa za umeme na lifti, mambo yaliyokuwa mageni kwa wakazi, na jina la Maajabu likazidi kustahili.

Simulizi ya tembo inavutia, lakini Unguja haina tembo wa mwituni; pembe zilizouzwa katika soko lake zililetwa na misafara kutoka bara. Upana wa milango unaelezeka kwa njia nyepesi zaidi. Katika mwambao wa Waswahili, mlango ni kipimo cha heshima ya mwenye nyumba, na kasri la mtawala halikuweza kuwa na mlango mdogo kuliko wa mfanyabiashara. Hata misumari ya shaba yenye ncha, inayodhaniwa kuwa kinga dhidi ya tembo, ni pambo lililotoka India.

Simulizi ya damu inahitaji uangalifu zaidi. Visa vya mtu kuzikwa katika msingi ili jengo lisimame husimuliwa pia mbali na Zanzibar. Wagiriki, kwa mfano, husimulia kisa kama hicho kuhusu daraja la Arta. Kwa hiyo, kisa hicho peke yake si ushahidi wa tukio. Hata hivyo, hakikuzuka bila sababu. Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Jumba lilijengwa katikati ya kipindi hicho. Simulizi inaweza kukosea kuhusu nguzo, lakini inahifadhi kumbukumbu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa ukutani.

Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza ziliushambulia mji kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Kasri jirani la Beit al-Hukm liliharibiwa vibaya, ilhali Beit al-Ajaib lilibaki limesimama. Mnara wa saa uliojulikana baadaye uliongezwa baada ya vita hivyo. Si ajabu kwamba kunusurika huko kuliwapa wasimuliaji sababu ya kuamini kwamba jumba lina kinga.

Kinga hiyo haikuwapo. Matumbawe na chokaa hunyonya maji, na chuma kilichopigwa na hewa ya chumvi hushika kutu, huvimba na kupasua kuta zinazokishikilia. Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu 2 walipoteza maisha.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Simulizi za Beit al-Ajaib ni sehemu ya urithi huo na zinastahili kuendelea kusimuliwa, mradi msikilizaji aelezwe pia kwamba jengo la kale hulindwa na paa lisilovuja, chokaa inayorudishiwa kwa wakati na ukaguzi usiokatizwa.