Kuchapa, Kuchonga au Kufinyanga?

Mwaka 1986 Mmarekani Charles Hull alipewa hataza ya mashine ijengayo vitu halisi kutokana na michoro ya kompyuta. Siku hizi vitu hivyo huweza kuagizwa kwa kutumia kiendelezi, yaani programu ndogo ipachikwayo katika kivinjari ili kukiongezea kazi. Kiendelezi huweka kitufe kando ya umbo linaloonekana kwenye intaneti. Mtumiaji akikibonyeza, faili la umbo hupelekwa karakana, naye huchagua ukubwa na mali ghafi, akaelezwa bei.

Kwa 'kiendelezi' na 'kivinjari' hatuna ugomvi. (La pili limetokana na kuvinjari, neno la vyombo vya baharini.) Taabu imo katika 'kuchapa'. Mtumishi wa Halmashauri ya Mji wa Nanyamba asomaye 'agiza chapa za modeli' atatarajia nini? Bila shaka karatasi, kama zile zitolewazo na Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Iwapo shule yahitaji umbo la moyo wa binadamu la kushikwa mkononi katika somo la baiolojia, tafsiri hiyo itaiagizia picha, na fedha zitakuwa zimekwisha kulipwa.

Katika Uwanda wa Makonde mtu angeweza kupendekeza 'kuchonga'. Lakini mchongaji wa mpingo huanza na gogo akalipunguza. Kinachobaki ndicho kinyago. Mashine hii haipunguzi. Aina iliyoenea zaidi huyeyusha uzi wa plastiki na kuulaza tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa na unene wa sehemu ndogo tu ya milimita, hata umbo likainuka. Aliye karibu nayo zaidi ni mfinyanzi apandishaye chungu kidogo kidogo. Ila 'kufinyanga' limefungamana mno na udongo na mikono.

Kwa hiyo twaona 'kuchapa' libaki, maana limekwisha kuenea, lakini lisiachwe pekee: 'kuchapa umbo', 'uchapaji maumbo', 'umbo lililochapwa'. 'Nakala' hatulikubali hapa.

'Pande tatu' nalo halituridhishi. Mchemraba una pande sita. Vilivyo vitatu ni vipimo vyake: urefu, upana na kimo. Twapendelea 'umbo la vipimo vitatu', na mwalimu wa hisabati ataepukana na maswali mengi.

Maneno ya kitufe basi yangekuwa: 'Agiza uchapaji wa umbo hili la vipimo vitatu.' Nafasi ikikosekana, 'Agiza umbo' yatosha.