Nepi za vitambaa: akina baba tuchote maji



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache na wazazi wenzangu, hasa akina baba, juu ya nepi za watoto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Mtoto wetu wa tatu alipozaliwa tuliona ni maendeleo kumvalisha pampasi kama wafanyavyo watu wa mjini. Dukani kwetu huuzwa moja moja kwa shilingi 500. Nne kwa siku ni shilingi 2,000, yaani shilingi 60,000 kwa mwezi. Mshahara ukashindwa. Tukaanza kubana: nne zikawa mbili, moja ya kutwa na moja ya usiku kucha. Mtoto akababuka makalio na mapaja. Tulipompeleka zahanati, muuguzi alituuliza swali moja tu: "Hii mmemvalisha saa ngapi?" Niliinamisha kichwa, mimi ninayefundisha watoto wa watu usafi.

Nikamwambia mke wangu turudie mawinda ya vitambaa, kama tulivyolelewa sisi. Hakukataa, ila alinijibu: "Baba watoto, vitambaa vipo. Maji atachota nani?"

Sikuwa na jibu. Kutoka kwetu hadi bombani ni mwendo wa nusu saa. Katika hesabu zangu zote sikuwa nimeandika maji, kwa sababu siku zote mchotaji alikuwa yeye.

Basi tulianza hivi. Mnadani nilinunua mashuka mawili ya mitumba kwa shilingi 3,000 kila moja. Nilichagua ya pamba, kwa kuwa nailoni hainyonyi. Kila shuka tulilikata vipande 9 vya mraba, tukapata nepi 18. Mama mkwe alitupa doti ya kanga kuukuu, laini kabisa, tukapata 4 nyingine. Taulo lililochakaa tulilikata vipande vidogo vya kuweka katikati, panapolowa zaidi. Fundi cherehani alipinda kingo kwa shilingi 2,000, pini za nepi zikawa shilingi 1,000, na ndoo yenye mfuniko shilingi 6,000. Jumla ni shilingi 15,000. Fedha hizo hazifiki hata pampasi za siku nane.

Kufua kuna utaratibu wake. Kinyesi hukung'utwa chooni kwanza. Nepi hulowekwa katika maji baridi ndani ya ndoo iliyofunikwa, na maji hayo humwagwa chooni, si bustanini wala karibu na kisima. Kisha hufuliwa kwa sabuni na kusuuzwa mpaka povu liishe, maana sabuni ikibaki humwasha mtoto. Mara kwa mara tunazichemsha. Huanikwa kwenye kamba juani, si juu ya majani wala kivulini. Yuko inzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu, na mabuu yake hupenya ngozi ya mtoto na kuleta majipu. Kwa hiyo zikikauka tunazipiga pasi ya mkaa pande zote mbili. Na ikilowa, nepi ibadilishwe mara moja. Ukimwacha mtoto na kitambaa kilicholowa, atababuka vile vile.

Kazi hii hula ndoo mbili za lita 20 kwa siku. Hizo nazichota mimi, alfajiri, kwa baiskeli, kabla ya kwenda shuleni. Jumamosi na Jumapili nafua mwenyewe. Maji na sabuni hugharimu kama shilingi 8,000 kwa mwezi. Mwanzoni pale bombani waliniita yaya. Sikujibu. Ngozi ya mtoto ilikuwa imepona.

Jambo jingine lililonifungua macho ni msichana mmoja wa darasa la tano aliyekuwa akichelewa kila mara. Nilipomwuliza, alisema lazima afue nepi za mdogo wake kwanza. Sikumwadhibu. Nilikwenda kwao nikazungumza na baba yake, nikamweleza na habari ya baiskeli yangu. Siku hizi msichana huyo anawahi namba.

Sisemi pampasi ni mbaya. Tukisafiri tunamvalisha, na mwenye uwezo wa kuzibadilisha kwa wakati anunue. Lakini kwa sisi wa kipato kidogo, vitambaa safi ni bora kuliko pampasi moja ya kutwa.

Akina baba wenzangu, tusiseme tumebana matumizi iwapo tumehamisha mzigo tu kutoka mfukoni mwetu hadi kichwani kwa mama na kwa binti wa shule. Anayetaka nepi za bei nafuu aanze na ndoo.

Mwalimu wa Kijijini,
Kondoa, Dodoma.