Thogoto: Kanisa la Kenya lililogawanywa na alama ya dole gumba

Takriban kilomita 20 magharibi mwa Nairobi, katika kaunti ya Kiambu, limesimama Kanisa la Mwenge la Thogoto, mojawapo ya sharika kongwe za Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, PCEA. Wengi hulifahamu kwa kuwa Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, alisoma na kubatizwa katika misheni hiyo. Hata hivyo, tukio lililoutikisa zaidi usharika huo ni la mwaka 1929, waumini walipotakiwa kuchagua baina ya kanisa lao na desturi ya kuwakeketa wasichana.

Chimbuko la misheni

Misheni hiyo ya Waskoti ilianzishwa mwaka 1891 huko Kibwezi, kwenye njia ya misafara iliyotoka Mombasa kuja huku Uganda. Waliogharimia ni wakurugenzi wa kampuni ile ile ya Kiingereza iliyomtuma Kapteni Frederick Lugard nchini mwetu. Malaria iliwaandama wamisionari, na mwaka 1898 Thomas Watson akaihamishia misheni kwenye nyanda za juu za Wakikuyu. Watson alifariki miaka miwili baadaye. Mjane wake, Minnie, alibaki na kuendesha shule hadi mwaka 1931. Jina Thogoto lenyewe latokana na wenyeji kulitamka neno "Scot" kwa lafudhi ya Kikikuyu.

Mwaka 1907 aliwasili daktari John Arthur, ambaye baadaye alikuwa kiongozi wa misheni. Miaka miwili baadaye kijana Kamau alijiunga na shule. Alibatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone, na dunia ikaja kumjua kama Jomo Kenyatta. Mwaka 1926 shule ya sekondari ya Alliance ilifunguliwa jirani, na mwaka huo huo Wakikuyu wa kwanza, akiwemo Musa Gitau, wakawekewa mikono kuwa wachungaji.

Kwa nini mgogoro ulizuka?

Tangu mwaka 1906 misheni ilikuwa ikifundisha dhidi ya ukeketaji. Madaktari wake walishuhudia wanawake wakiteseka, na wengine wakipoteza maisha, wakati wa kujifungua. Kwa upande wa wazee wa Kikikuyu, tohara ndiyo iliyomtoa binti utotoni na kumpa nafasi katika rika lake. Asiyepitia jandoni hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, wala hakutarajiwa kuolewa.

Nyuma ya hoja hizo kulikuwa na suala la ardhi. Walowezi walikuwa wamekwisha kutwaa mashamba mengi, na misheni yenyewe ilimiliki eneo kubwa la ardhi Thogoto. Wengi waliamini kwamba anayewanyang'anya mila atawanyang'anya na udongo uliobaki. Chama cha Wakikuyu, KCA, ambacho Kenyatta alikuwa katibu wake, kiliibeba hoja hiyo.

Mwaka 1929 Arthur aliwataka waumini waape kuuacha ukeketaji na kutokuwa wanachama wa KCA. Wasiojua kuandika waliweka alama ya dole gumba, ambayo kwa Kikikuyu huitwa kirore. Jina hilo likawa la wote waliokubali kiapo. Walio wengi walikataa. Katika muda wa wiki chache makanisa yalibaki na watu wachache, na madawati ya shule yakawa matupu. Nyimbo za muthirigu zilizowakejeli wamisionari zilienea vijijini hadi serikali ya kikoloni ikazipiga marufuku mwaka 1930. Waliojitenga walijenga shule na makanisa yao huru.

Kutoka kiapo hadi kujitegemea

Baadhi ya waliohama walirejea hatua kwa hatua, lakini swali walilouliza halikufutika: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua mambo ya kanisa? Mwaka 1943 kanisa lilipata sinodi yake. Mwaka 1956 sharika za Waafrika na za Wazungu ziliungana chini ya baraza kuu moja, na mwaka 1961 Charles Muhoro Kareri akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Neno "Jitegemea" ndilo wito wa PCEA hadi leo.

Leo ukeketaji ni kosa la jinai Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2010, ingawa baadhi ya familia za Wasabiny na Wapokot, pande zote mbili za mpaka, bado huufanya kwa siri. Thogoto ilikuwa na hoja nzito ya afya ya wasichana, lakini hoja hiyo ilifungwa pamoja na siasa na kutolewa kama amri ya mgeni. Miongo kadhaa ilipita kabla Wakenya wenyewe, wakiwemo wanawake waliokeketwa, hawajaitamka upya kwa sauti yao.