Capel Celyn: Kitongoji Kilicho Chini ya Bwawa

Kaskazini-magharibi mwa Wales, jirani na mji mdogo wa Bala, kuna ziwa liitwalo Llyn Celyn. Ziwa hili si la asili. Ni bwawa lililojengwa kwenye Mto Tryweryn, na lilipojaa mwaka 1965 lilikifunika kitongoji cha Capel Celyn.

Capel Celyn palikuwa na kanisa dogo, makaburi, shule, posta na mashamba ya wafugaji. Lugha ya nyumbani, shuleni na ibadani ilikuwa Kiwelisi. Bondeni humo pia palikuwa na shamba la Hafod Fadog, walikokusanyika Wakristo wa madhehebu ya Wakwekeri katika karne ya 17. Baadhi yao waliyakimbia mateso ya dini wakahamia Pennsylvania, Marekani.

Kilichokiponza kitongoji ni maji. Jiji la Liverpool, ng'ambo ya mpaka wa England, lilitaka maji ya viwanda na ya wakazi wake. Halikuomba kibali cha halmashauri za Wales. Lilipeleka muswada moja kwa moja katika Bunge la London. Novemba 1956 wanakijiji, wazee kwa watoto, waliandamana katika mitaa ya Liverpool. Haikusaidia. Mwaka 1957 muswada ukawa sheria. Wabunge wa Wales walikuwa 36, na hakuna hata mmoja aliyeupigia kura ya ndiyo. Lakini bungeni ni wengi wape, na Wales ilikuwa na wachache.

Shule na kanisa vilifungwa mwaka 1963. Kati ya watu 67 wa bonde hilo, 48 walipoteza makazi. Miili minane ilifukuliwa ikazikwa kwingine kwa matakwa ya ndugu. Makaburi mengine yalifunikwa kwa zege. Mawe ya kanisa yalitumika kujengea kanisa la kumbukumbu kando ya bwawa.

Oktoba 2005 halmashauri ya Liverpool iliomba radhi. Hata hivyo, wenyewe Wawelisi walikuwa wamekwisha kupata funzo lao kuhusu kuwa wachache katika Bunge la London. Mwaka 1966 Gwynfor Evans, kiongozi wa chama cha kizalendo cha Wales, Plaid Cymru, aliyekitetea kitongoji, akawa mbunge wa kwanza wa chama hicho. Mwaka 1999 Wales ikafungua bunge lake Cardiff. Kwenye ukuta mmoja karibu na kijiji cha Llanrhystud, Wales, bado pameandikwa kwa rangi wito wa kuikumbuka Tryweryn, na kila ukuta huo unapobomolewa au kuchafuliwa, watu huuandika wito upya.