Kuunda Upya Mchezo wa Mzingile kwa Kompyuta Kuukuu: Suala la Uaminifu katika Tafsiri

Makala haya mafupi yanahusu kazi ambayo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta: kuuhamisha mchezo mashuhuri kutoka mashine ulimozaliwa hadi mashine nyingine ya zamani. Tunaileta mbele ya wasomaji wa Kiswahili kwa sababu inalikabili swali ambalo kila mfasiri hulijua: ni kitu gani katika matini asilia kisichoruhusiwa kupotea?

Mfano wetu ni Pac-Man, mchezo uliobuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco na kutolewa nchini Japani mwaka 1980. Mchezaji huongoza kinywa cha manjano ndani ya mzingile, yaani njia zenye kuta na kona nyingi (kamusi hulitaja pia jina refu la mzingile-mwambiji), akila vidonge 244 huku akifukuzwa na viumbe vinne. Viumbe hivyo wengine huviita mizimu. Sisi twapendelea mazimwi, kwa kuwa mzimu wa kwetu ni mzee aliyetutangulia, wala kazi yake si kuwinda watu njiani.

Sasa tuchukue kompyuta ya nyumbani ZX Spectrum, iliyotoka Uingereza mwaka 1982. Kichakato chake ni Z80, aina ileile iliyotumiwa katika mashine ya Namco. Mtu angedhani basi kwamba kazi ni nyepesi. La hasha. Mzingile asilia una miraba 28 kwa upana na 31 kwa urefu, kila mraba ukiwa na vitone 8 kila upande. Urefu wake ni vitone 248, ilhali skrini ya Spectrum ina vitone 192 tu. Mraba ukipunguzwa hadi vitone 6, urefu huwa 186 na mzingile waenea. Lakini hapo rangi huleta mgogoro: Spectrum hugawa rangi kwa vyumba vya vitone 8, kila chumba kikiruhusu rangi mbili tu, hivyo zimwi likipita karibu na ukuta hugeuka rangi ya ukuta. Mtengenezaji hulazimika kuchagua apoteze nini.

Kwa maoni yetu, picha ndiyo inayoweza kupotea. Kisolo huchezwa juu ya ubao uliochongwa, na huchezwa vilevile katika vishimo vilivyochimbwa udongoni; hakuna asemaye kuwa hiyo ni michezo miwili. Kinachoubeba mchezo ni kanuni, na kanuni za mazimwi haya ni sarufi kamili. Lile jekundu hulenga mraba alipo mchezaji. La waridi hulenga miraba 4 mbele yake. La samawati hukadiria shabaha yake kwa kutazama mahali alipo jekundu na mahali anapoelekea mchezaji. La machungwa humfukuza akiwa mbali zaidi ya miraba 8, akikaribia hurudi pembeni mwake.

Ndani ya sarufi hiyo mna kosa. Mchezaji akielekea juu, shabaha ya zimwi la waridi husogea pia miraba 4 kushoto, kwa sababu ya hitilafu ya hesabu. Je, mfasiri alirekebishe? Wachezaji hodari wamejifunza kulitumia, na wamekariri njia nzima zinazotegemea ukweli kwamba mazimwi hurudia mwendo uleule pale mchezaji anaporudia wake. Akilisahihisha, amewasaliti wasomaji walioijua matini kuliko yeye.

Toleo la Atari 2600 la mwaka 1982, lililobanwa katika kilobaiti 4, lilibadili mzingile wenyewe na mazimwi yakawa yanapepesa kwa kuchorwa kwa zamu. Lilinunuliwa na mamilioni, likalalamikiwa sana. Simon Owen alifuata njia tofauti kwa Spectrum za baadaye, +2A na +3: aliacha amri asilia za Z80 zijiendeshe zenyewe, akafasiri picha na sauti tu. Kosa la zimwi la waridi limo ndani ya amri hizo. Limo pia lile la hatua ya 256, ambapo nusu ya kulia ya skrini hujaa alama zisizosomeka na mchezo hauwezi kuendelea.